Shajara ya ukumbi unaovuma

4 Februari

Naanza daftari hili kwa sababu ya shilingi elfu kumi. Kwenye mkutano uliopita mwanachama mmoja alisimama mbele akataja amana yake, elfu sitini. Mweka hazina wetu, bibi aliyeshika vitabu vya kikundi tangu kilipoanza, alikuwa kwenye meza yake nyuma kabisa karibu na mlango. Akaandika elfu sabini. Jioni hesabu zilipogoma, minong'ono ikaanza: masikio ya bibi yamechoka, sasa apumzishwe, kazi ashike kijana.

Jana nikamfuata kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, tukakaa barazani. Akaniambia, "Mwanangu, mle ukumbini namsikia mtu anasema. Anachokisema ndicho sikipati." Tuliongea karibu saa nzima kwa sauti ya kawaida, bodaboda zikipita hatua chache kutoka tulipo, na hakuniuliza "eti?" hata mara moja.

Kazi yangu ni spika na amplifaya, hapa Tanga mjini. Nimefunga vyombo kwenye kumbi nyingi, na nimeona mara nyingi watu wakilaumu masikio au maikrofoni wakati mwenye kosa ni chumba. Ukumbi wetu ulikarabatiwa mwaka jana. Zamani sakafu ilikuwa ya saruji na juu yake mikeka, madirisha ya mbao yalikaa wazi kutwa, na dari lilikuwa la mabao laini. Sasa sakafu ni marumaru, kuta zimepigwa skimu na rangi ya mafuta inayong'aa, madirisha ni ya alumini na vioo, dari bovu limeondolewa na zege la ghorofa ya juu limeachwa wazi likapakwa rangi nyeupe. Unapendeza kweli. Lakini kila kilichokuwa kinameza sauti kimetolewa nje.

Nimeomba kamati inipe miezi mitatu kabla ya kumgusa bibi. Wamekubali.

7 Februari

Vipimo vya chumba: urefu mita 15, upana mita 9, kimo mita 4. Ujazo wake ni mita za ujazo 540.

Nilisimama katikati, chumba kitupu, nikapiga kofi moja. Kilichorudi si kofi moja. Ni mlio mkavu wa trrrr, kama mtu anayepitisha kijiti kwenye meno ya kitana. Kuta mbili za ubavuni zinatazamana, zote ngumu, zote laini, na sauti inapigwa danadana katikati yao. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti hukimbia takribani mita 349 kwa sekunde. Kutoka katikati hadi ukutani na kurudi ni mita 9, kwa hiyo kofi linapita mbele ya sikio langu mara 39 hivi kila sekunde mpaka lichoke.

Huo ni mwangwi wa kuta mbili. Kuna jambo jingine kubwa kuliko hilo, ambalo katika daftari hili nitaliita mvumo: sauti iliyogonga kuta zote, sakafu na dari mara mia, ikachanganyika hadi huwezi tena kusema inatoka wapi. Mvumo hupimwa kwa muda ambao sauti inachukua kushuka desibeli 60 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti) baada ya chanzo kunyamaza.

Nimepasua maputo sita sehemu tofauti, nikarekodi kwa simu juu ya kigoda, nikafungua rekodi kwenye kompyuta kwa Audacity, programu ya kuchambulia sauti. Kelele za barabarani haziniruhusu kuona desibeli 60 zote zikishuka, kwa hiyo nimepima 30 za mwanzo nikazidisha mara mbili. Kwenye hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, wastani ni sekunde 4.6. Chumba cha watu kuongea na kuelewana kinatakiwa kiwe karibu na sekunde 1.

Sekunde 4.6! Msemaji wa kawaida anatoa silabi nne au tano kwa sekunde. Maana yake anapofika silabi ya ishirini, ya kwanza bado haijafa.

8 Februari

Usingizi haukuja, nikawa nawaza kuhusu sitini na sabini.

Kiswahili kinaishia irabu karibu kila silabi. Irabu ni nzito, zina nguvu, zinadumu. Konsonanti ni nyepesi na fupi: t ya "sitini" ni mpasuko wa kufumba na kufumbua. Katika chumba kinachovuma, mkia wa irabu iliyotangulia unaifunika konsonanti inayofuata, kama wimbi linavyofuta alama ya ukucha mchangani. Kinachofika nyuma ni muziki wa neno, s na -ini. Sitini, sabini, themanini, tisini, zote zinaishia mlemle. Bibi alikuwa anasikia irabu zote na kukisia konsonanti. Mimi pia nilipoketi kwenye kiti chake nilikisia.

11 Februari

Nimetengeneza mtihani. Maneno 25, nimeyachagua kwa makusudi yanayofanana: pata, kata, chata, kuku, kufu, sitini, sabini. Kijana mmoja anasoma mbele, watu watano wameketi safu ya nyuma na karatasi. Wastani wa waliyopata sawasawa: 11 kati ya 25. Aliyepata chini kabisa ana miaka 19. Bibi alipata 12.

Nimepeleka karatasi hizo kwa mwenyekiti mwenyewe, mkononi.

15 Februari

Kamati ilitaka tujaribu spika kubwa kwanza. Nilijua jibu lakini niliona ni haki walisikie wenyewe. Nimeleta spika mbili za inchi 15, nikaziweka mbele, nikapandisha. Matokeo ya mtihani: 10. Tumeongeza sauti na tumepungukiwa neno moja.

Nikiongeza sauti ya msemaji mara mbili, mvumo nao unaongezeka mara mbili. Uwiano kati ya sauti inayokuja moja kwa moja kutoka mdomoni na ile inayozunguka kwenye kuta haubadiliki hata chembe. Chumba ni kama ndoo inayojaa kwa kasi kuliko inavyovuja. Dawa ni kuongeza matundu.

16 Februari

Leo naandika kuhusu Sabine, kwa sababu bila yeye ningekuwa napapasa.

Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, Fogg, ambao wanafunzi hawakumwelewa mwalimu. Kazi ya kuutibu akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, ambaye hakuwa mtaalamu wa sauti. Ukiwa mtupu, ukumbi ule ulivuma zaidi ya sekunde 5. Sabine alifanya kazi usiku wa manane, mitaa ikiwa imetulia, akiwa na filimbi ya kinanda ya hezi 512, saa ya kupimia, na mito ya viti aliyoazima kutoka ukumbi mwingine mzuri wa chuo hichohicho, Sanders Theatre. Anaingiza mito kadhaa, anapima. Anaongeza, anapima tena. Kabla ya alfajiri mito inarudishwa kwenye viti vyake. Aligundua hata nguo alizovaa zinabadilisha kipimo, ikabidi avae zilezile kila anapopima.

Kilichotoka humo ni kanuni fupi: muda wa mvumo ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa ufyonzaji wote wa vilivyomo. Kwa kanuni hiyo Boston Symphony Hall ilisanifiwa, ikafunguliwa mwaka 1900, na mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani.

Na kizio chake cha ufyonzaji kilikuwa nini? Dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi inafyonza yote, ndiyo 1 kamili. Niliposoma hapo nikaweka kitabu chini. Madirisha yetu ya zamani ya mbao, yaliyokaa wazi kutwa, ndiyo yaliyokuwa dawa.

Hesabu ya ukumbi wetu: 0.161 mara 540 ni 87 kasoro kidogo. Gawanya kwa 4.6, unapata 19. Yaani zege, marumaru, skimu na viti vya plastiki vyote kwa pamoja vinafyonza sawa na mita za mraba 19 za dirisha wazi, katika chumba chenye zaidi ya mita 460 za uso. Kwa wastani vinafyonza asilimia 4 hivi tu ya kinachovigonga.

Mtu mmoja aliyeketi anafyonza kama mita 0.45. Ndiyo maana mkutano mkuu wa mwaka, ukumbi ukiwa na watu 80, hakuna aliyelalamika: mvumo ulishuka wenyewe hadi kama sekunde 1.6. Mikutano yetu ya kila mwezi ina watu 30 na unabaki 2.7.

18 Februari

Tumejaribu kufungua vioo vyote. Mvumo umeshuka, na bodaboda zimeingia zote. Alumini ya kusukuma inafungua nusu tu ya dirisha. Haifai kwa mkutano, lakini wakati wa mazoezi ya taarabu usiku tutaiacha wazi.

22 Februari

Watu watatu tofauti wamenishauri trei za mayai. Nimeheshimu ushauri, nimekusanya trei za kutosha mita 10 za mraba, nimezitandaza, nimepima. Kutoka 4.6 hadi 4.1. Ukipiga hesabu, kila mita inafyonza 0.23. Kwenye besi hakuna badiliko lolote. Karatasi ile ni nyembamba, haina nyama. Tena inashika moto upesi, na panya wanaipenda. Nimezirudisha kwa mwenye kuku.

Kinachofyonza sauti ni kitu chenye vinyweleo vingi vinavyopitisha hewa. Wimbi la sauti ni hewa inayosogea mbele na nyuma. Likiingia katikati ya nyuzi linasuguana nazo, na nguvu yake inageuka joto, kidogo mno hata kipimajoto hakionyeshi. Pia unene unatakiwa. Kwenye hezi 1,000 urefu wa wimbi ni kama sentimita 35, na robo yake ni karibu 9. Kwenye hezi 125 wimbi moja lina mita 2.8. Godoro la kawaida kwake ni kama pazia mbele ya lori.

Sasa nyuzi tunazo. Pwani hii kuna usumba, nyuzi za makumbi ya nazi.

1 Machi

Nimekwenda kwa mzee anayeshona magodoro ya usumba. Kiwanja chake kinanuka makumbi yaliyolowa, harufu ya udongo na nazi kuukuu. Nilimweleza ninachotaka, akachukua fumba la usumba, akalichambua kwa vidole mpaka likavimba mara tatu ya lilivyokuwa, akaniambia, "Ukilibana sana linakuwa ubao. Liache lipumue." Hiyo ni fizikia kamili. Nyuzi zikibanwa mno, wimbi linagonga na kurudi. Zikiwa chache mno, linapita bila kusuguana. Tumekubaliana kilo 2 na kidogo kwa kila fremu.

Fremu ni mbao za mbili kwa mbili, urefu mita 1.2, upana sentimita 60, nyuma wavu mwepesi wa nailoni. Kama mfano tumetengeneza 14, ambazo ni mita 10 za mraba.

5 Machi

Kitambaa cha kufunikia kimetuchukua siku mbili. Kinatakiwa kipitishe hewa, na kipimo nilichokitumia ni mdomo: unakibana kitambaa midomoni na kupuliza. Pumzi ikipita bila taabu, na sauti itapita. Pazia zito la duka limekataa. Turubai, hata usijaribu. Akina mama wa kikundi wakaleta kanga. Kanga mpya ikakataa pia, nikashangaa, maana ni pamba tupu. Mama mmoja akacheka akasema, "Hiyo ina wanga bado, ifue kwanza." Ikafuliwa mara mbili, ikaanikwa, nikapuliza tena: imepita kama hakuna kitu. Basi tumetangaza kanga kuukuu, na kila mwanachama ameahidi doti moja.

9 Machi

Fremu 14 zimelazwa sakafuni. Maputo sita. Hezi 1,000: kutoka 4.6 hadi 3.2. Ufyonzaji umeruka kutoka 19 hadi 27, kwa hiyo kila mita ya usumba inafyonza 0.8 na zaidi. Nimerudia hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini. Sentimita tano za makumbi ya nazi ndani ya kanga kuukuu!

Hezi 125: kutoka 3.9 hadi 3.7 tu. Besi imepita kama haijaona kitu, sawa na hesabu ya urefu wa wimbi ilivyosema.

12 Machi

Moto. Hili sikutaka kulipita juu juu, kwa sababu tunataka kutundika nyuzi kavu juu ya vichwa vya watu. Nyuma ya jengo niliwasha fumba la usumba mkavu: liliwaka taratibu, kisha likaendelea kufukuta ndani kwa ndani hata moto ulipozimika, na huko kufukuta ndiko kunakotisha. Fumba la pili tulikuwa tumelilowesha kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, likakauka juani siku mbili. Liliungua pale tu palipoguswa na kiberiti, likazima lenyewe. Usumba wote utapita kwenye maji hayo, na kanga vilevile. Na hakuna fremu itakayokaa karibu na taa wala nyaya za umeme.

Kuanzia leo hadi mwisho wa mwezi ni seremala, kamba, jua na mikono. Sina la kuandika.

6 Aprili

Fremu 60 zimening'inia darini, sentimita 30 chini ya zege. Nimeziacha na nafasi juu kwa makusudi: sauti inaingia kutoka chini, na ile iliyogonga zege inaingia tena kutoka juu, kwa hiyo pande zote mbili zinafanya kazi. Nyingine 15 ziko kwenye ukuta wa nyuma. Ukuta ule ulikuwa unamrudishia msemaji sauti yake baada ya milisekunde 86. Kurudi kokote kunakozidi milisekunde 50 sikio linakuhesabu kama mtu wa pili anayeongea, ndiyo maana wasemaji wetu walikuwa wanasitasita bila kujua sababu.

Nimeingia asubuhi peke yangu, nikafunga mlango. Kabla sijapima chochote nilisikia nyayo zangu. Ndala kwenye marumaru, tap, tap, kila moja imesimama peke yake. Nikaketi kwenye kiti cha bibi nikakaa kimya muda mrefu.

Hezi 1,000: sekunde 1.1, kitupu. Kwa watu 30 kanuni inasema chini kidogo ya 1.

Hezi 125: 2.9. Sauti nene za wanaume bado zinanguruma.

10 Aprili

Kwa besi unahitaji kitu kinachotikisika nayo. Plaiwudi ya milimita 4 ina uzito wa kama kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Ukiifunga juu ya fremu yenye hewa ya sentimita 10 nyuma yake, hewa ile inakuwa kama springi na ubao ni uzito juu yake, na vyote kwa pamoja vinapenda kucheza kwenye hezi 120 hivi. Wimbi la hezi hizo likija, ubao unacheza, na usumba kidogo ulioko ndani unaila nguvu ile. Ni ndugu wa kile kinachotokea ukipuliza mdomo wa chupa ya soda: hewa ya shingo ni uzito, hewa ya tumboni ni springi.

Tumefunga shiti nane kwenye kuta za mbele na pembeni. Fundi seremala alitaka kupigilia misumari katikati ya ubao ili usitikisike. Nikamwomba sana asifanye hivyo.

14 Aprili

Hezi 125: 2.1. Bado si 1, lakini ngurumo imetulia. Inatosha kwa mazungumzo.

Lile trrrr la kuta za ubavuni lilikuwa limebaki kidogo, kwa sababu hapo hatukuweka fremu za usumba. Nikakumbuka kuta za nyumba za zamani za Lamu, zenye zidaka, vishubaka vilivyochongwa ukutani, safu kwa safu. Ukuta wa namna hiyo haurudishi sauti kama kioo. Kila kidaka kinaitupa upande wake. Tumesimamisha rafu za vitabu na makabrasha ya kikundi upande mmoja, vyumba vyake vina kina tofauti tofauti. Kofi sasa ni kofi moja.

Hesabu kama hizi wazee walizijenga bila karatasi. Imamu anaposalisha anaelekea kibla, mgongo kwa maamuma, na mihirabu iliyopinda mbele yake inamrudishia sauti nyuma kwa watu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, maandishi ya mihirabu yake ni ya mwaka 1107. Mimi nimehitaji Sabine na maputo.

19 Aprili

Mtihani ule ule, maneno 25 kwa mpangilio mpya, hakuna spika wala maikrofoni. Watu wale wale safu ya nyuma. Wastani: 22. Bibi: 23.

Jambo moja nimelieleza kamati waziwazi wasije wakanilaumu: usumba haujazuia bodaboda. Kufyonza sauti iliyomo ndani na kuzuia sauti ya nje ni kazi mbili tofauti. Nyuzi zinazopitisha hewa zinapitisha na kelele. Cha kuzuia ni uzito na kuziba mianya. Mipira ya madirisha haikai sawa, pale ndipo kelele zinapopenya.

3 Mei

Mkutano wa kwanza wa mwezi. Watu 34. Wanaongea polepole zaidi na kwa sauti ya chini, hakuna aliyewaambia. Chumba kikivuma kila mtu hupaza sauti kumshinda mwenzake. Kikitulia wanashuka wenyewe. Mama mmoja alikuwa anaitafuta kanga yake darini, akaiona juu ya safu ya tatu, akamwonyesha jirani yake kwa kidole.

Mwanachama yule yule alisimama mbele akataja amana. Kutoka nyuma bibi akauliza, bila kuinua kichwa, "Sitini au sitini na tano?" Yule akajibu, sitini na tano. Bibi akaandika.

Kilichobaki: mipira ya madirisha manane, rangi isiyong'aa ukuta wa mbele, na kufungua fremu mbili kila baada ya miezi sita kuangalia kama usumba umeshika unyevu.